William Thomson (Lord Kelvin)

William Thomson, anayejulikana zaidi kwa jina la Lord Kelvin (Belfast, Ireland, 26 Juni 1824 – Largs, Uskoti, 17 Desemba 1907), alikuwa mwanafizikia, mwanahisabati na mhandisi wa Uingereza. Alifundisha katika Chuo Kikuu cha Glasgow kwa miaka 53. Anakumbukwa hasa kwa skeli ya halijoto inayoanzia kwenye sifuri kamili, kwa mchango wake katika sheria za joto, na kwa kazi yake ya kufanikisha kebo za telegrafu chini ya bahari.

Jambo moja katika maisha yake halikupewa uzito mkubwa wakati huo, lakini leo linazungumzwa sana. Mwaka 1852 alieleza kwa hesabu jinsi nyumba inavyoweza kupashwa joto kwa kulivuta joto lililopo nje na kulisukuma ndani, badala ya kuchoma makaa ya mawe chumbani. Mashine ya namna hiyo sasa huitwa pampu ya joto, na nchi nyingi za baridi zinaitumia ili kuacha kupasha nyumba kwa makaa ya mawe, mafuta na gesi asilia.

Utoto na elimu

Thomson alizaliwa katika mji wa Belfast. Baba yake, James Thomson, alikuwa mwalimu wa hisabati na mwandishi wa vitabu vya kiada. Mama yake, Margaret Gardner, alifariki mwaka 1830, William akiwa na umri wa miaka sita. Baada ya hapo baba aliwafundisha watoto wake mwenyewe nyumbani. Mwaka 1832 alipata uprofesa wa hisabati huko Glasgow, na familia yote ikahamia Uskoti.

William aliandikishwa Chuo Kikuu cha Glasgow mwaka 1834, akiwa na miaka 10 tu. Wakati huo vyuo vya Uskoti vilipokea vijana wadogo wenye uwezo, ingawa hata kwa desturi hiyo yeye alikuwa mdogo sana. Akiwa bado kijana mdogo alisoma kitabu cha Mfaransa Joseph Fourier kuhusu mwendo wa joto katika vitu vigumu. Kitabu hicho kilimwonyesha kwamba joto linaweza kufuatiliwa kwa hisabati kama vile mwendo wa sayari. Mwaka 1841 makala yake ya kwanza ilichapishwa, ikimtetea Fourier dhidi ya wakosoaji wake.

Mwaka huohuo alijiunga na chuo cha Peterhouse huko Cambridge. Alipenda muziki na mbio za ngalawa za makasia, na alipohitimu mwaka 1845 alishika nafasi ya pili katika mtihani mgumu wa hisabati wa chuo kikuu hicho.

Paris na kitabu cha Carnot

Baada ya Cambridge alikwenda Paris kufanya kazi katika maabara ya Victor Regnault, mtaalamu aliyepima kwa umakini mkubwa tabia za mvuke na gesi. Huko ndiko alikojifunza nidhamu ya vipimo.

Akiwa Paris alitafuta kitabu kidogo cha mhandisi Sadi Carnot (1796–1832) kuhusu injini za mvuke. Kitabu hicho kilitoka mwaka 1824, mwaka aliozaliwa Thomson mwenyewe, lakini wauza vitabu hawakuwa nacho na wengi hawakumjua mwandishi wake. Thomson alilazimika kutegemea maelezo ya mhandisi mwingine, Émile Clapeyron, hadi alipopata nakala miaka kadhaa baadaye.

Carnot alikuwa ameuliza swali moja: injini ya mvuke inaweza kutoa kazi kiasi gani kutokana na joto? Jibu lake lilikuwa kwamba kazi hupatikana joto linaposhuka kutoka mahali pa moto kwenda mahali pa baridi, na kwamba kikomo cha kazi hiyo hutegemea tofauti ya halijoto kati ya sehemu hizo mbili. Carnot aliona pia kwamba mzunguko huo unaweza kugeuzwa: mtu akitumia kazi, anaweza kulipeleka joto kutoka penye baridi hadi penye moto. Wazo hilo la kugeuza ndilo chanzo cha jokofu, kiyoyozi na pampu ya joto.

Profesa wa Glasgow

Mwaka 1846, akiwa na miaka 22, Thomson alichaguliwa kuwa profesa wa falsafa ya asili huko Glasgow, somo ambalo leo tungeliita fizikia. Aliishika nafasi hiyo hadi mwaka 1899. Alianzisha maabara ambamo wanafunzi walishika vyombo na kupima wenyewe, na ilikuwa miongoni mwa maabara za kwanza za fizikia kwa wanafunzi katika Uingereza.

Glasgow ya wakati huo ilikuwa mji wa viwanda. Meli, vinu vya nguo, viwanda vya chuma na meko za nyumbani vyote vilitumia makaa ya mawe, na moshi ulikuwa sehemu ya maisha ya kila siku. Swali la Carnot kuhusu joto na kazi lilikuwa pia swali la uchumi wa mji huo.

Skeli ya halijoto

Vipimajoto vya zamani vilitegemea kimiminika au gesi iliyomo ndani yake. Zebaki, spiriti na hewa hazitanuki kwa namna moja, hivyo vipimo havikulingana kikamilifu. Mwaka 1848 Thomson alipendekeza skeli isiyotegemea kitu chochote maalumu, bali inayojengwa juu ya kanuni ya Carnot.

Skeli iliyotokana na kazi hiyo huanzia kwenye sifuri kamili, yaani nyuzi -273.15 za Selsiasi, halijoto ambayo hakuna kitu kinachoweza kupozwa kupita hapo. Maana yake kwa somo la joto ni kubwa: kila kitu kilicho juu ya sifuri hiyo kina nishati ya joto ndani yake. Hewa ya nyuzi 0 za Selsiasi, ambayo ngozi huihisi kuwa baridi kali, ina halijoto ya kelvini 273. Kwa hiyo hata hewa ya baridi, maji ya mto na udongo vina joto linaloweza kuchotwa.

Sheria za joto

Mwaka 1847 Thomson alikutana na James Joule katika mkutano wa wanasayansi huko Oxford. Joule, mtoto wa mtengeneza bia wa Manchester, alikuwa ameonyesha kwa majaribio kwamba kazi hugeuka kuwa joto kwa kiwango kisichobadilika. Jambo hilo lilimsumbua Thomson, kwa sababu Carnot alikuwa amedhani kwamba joto halipotei linapopita katika injini, kama maji yanayopita katika gurudumu la kinu.

Ilimchukua Thomson miaka kadhaa kupatanisha mawazo hayo mawili. Mjerumani Rudolf Clausius alichapisha suluhisho lake mwaka 1850, na Thomson akatoa la kwake mwaka 1851. Kwa pamoja kazi zao ziliweka msingi wa themodinamiki. Sheria ya kwanza inasema nishati haiumbwi wala haiangamii, hubadilika umbo tu. Sheria ya pili, kwa maelezo ya Thomson, inasema haiwezekani kuwa na injini inayochota joto mahali pamoja na kuligeuza lote kuwa kazi bila badiliko lingine lolote. Sehemu ya joto lazima itupwe mahali penye baridi zaidi.

Kuanzia mwaka 1852 Thomson na Joule walifanya majaribio ya pamoja. Waligundua kwamba gesi nyingi, zikipenya kwenye kizuizi kutoka kanieneo kubwa kwenda ndogo, hupoa. Athari ya Joule na Thomson ilitumika baadaye na Carl von Linde kugeuza hewa kuwa kimiminika.

Pampu ya joto ya mwaka 1852

Mwishoni mwa mwaka 1852 Thomson aliwasilisha mbele ya chama cha kisayansi cha Glasgow makala fupi kuhusu kupasha joto au kupoza majengo kwa kutumia mikondo ya hewa. Alieleza mashine yenye silinda mbili. Katika silinda ya kwanza hewa ya nje huachwa itanuke, nayo hupoa kupita mazingira yake. Ikiwa imepoa hivyo, huchukua joto kutoka nje. Silinda ya pili huikandamiza tena, halijoto yake hupanda, na hewa huingia chumbani ikiwa ya moto. Mashine hiyohiyo ikiendeshwa kwa namna nyingine hupoza chumba, jambo linalofaa nchi za joto.

Hoja yake kuu ilikuwa ya uchumi. Makaa ya mawe yakichomwa kwenye meko, chumba hupata kwa wingi zaidi joto lililomo katika makaa hayo, hakiwezi kupata zaidi. Lakini nguvu ya injini ikitumika kuhamisha joto lililoko nje tayari, joto linaloingia ndani linaweza kuwa kubwa mara nyingi kuliko kazi iliyotumika.

Hili halivunji sheria ya nishati. Pampu ya kisimani haitengenezi maji, huyapandisha tu. Vivyo hivyo pampu ya joto haitengenezi joto lote inalotoa. Sehemu kubwa hutoka kwenye hewa, maji au ardhi, na sehemu ndogo hutoka kwenye kazi ya kuisukuma.

Skeli ya Kelvin yenyewe hutupa hesabu ya kikomo. Tuseme nje kuna nyuzi 7 za Selsiasi (kelvini 280) na maji ya kupasha nyumba yanatakiwa kufika nyuzi 35 (kelvini 308). Gawanya 308 kwa tofauti ya 28, jibu ni 11. Yaani mashine isiyo na upotevu wowote ingeleta ndani vipimo 11 vya joto kwa kila kipimo 1 cha kazi. Maji yakitakiwa kufika nyuzi 55, jibu hushuka hadi karibu 7. Mashine halisi zina upotevu, na kwa kawaida hutoa vipimo 3 au 4. Funzo la hesabu hii ni kwamba kadiri joto linavyopandishwa juu zaidi, ndivyo kazi inavyoongezeka.

Kwa nini wazo lilichelewa

Thomson hakuigeuza pampu yake kuwa bidhaa. Makaa ya mawe yalikuwa mengi na ya bei nafuu, umeme wa majumbani haukuwapo bado, na injini za mvuke zilipoteza sehemu kubwa ya joto la fueli. Upande wa kupoza ndio uliotangulia kupata soko, kwa sababu nyama na samaki huoza na hapakuwa na njia rahisi ya kuvihifadhi. Ndiyo maana jokofu lilienea duniani miongo mingi kabla ya pampu ya joto, ingawa zote mbili hufuata kanuni moja. Mtu akiweka mkono nyuma ya jokofu atahisi joto: ni joto lililotolewa kwenye chakula, pamoja na lile la umeme uliotumika.

Katika miaka hiyohiyo ya 1850 Peter von Rittinger alijenga huko Ebensee, Austria, mtambo wa kukausha maji ya chumvi kwa kukandamiza mvuke wake na kuutumia upya. Kwa majengo, mfano maarufu ulikuja mwaka 1938, ukumbi wa baraza la mji wa Zurich ulipowekewa pampu iliyochota joto kutoka mto Limmat. Uswisi ilikuwa na uhaba wa makaa ya mawe lakini ilikuwa na umeme wa maji. Mwaka 1951 ukumbi wa Royal Festival Hall wa London ulifungiwa pampu iliyochota joto kutoka mto Thames.

Kebo za baharini

Katika maisha yake Thomson alipata sifa zaidi kwa telegrafu. Alikuwa mshauri na mkurugenzi katika mradi wa kuunganisha Ulaya na Amerika kwa kebo iliyolazwa chini ya Atlantiki. Kebo ya mwaka 1858 iliharibika baada ya wiki chache, ikiwa imeshatiwa umeme wenye msukumo mkubwa kupita kiasi. Thomson alikuwa ametetea njia tofauti: kutumia umeme mdogo na kuupima kwa chombo chepesi sana. Galvanomita yake ya kioo iliweza kuonyesha mkondo hafifu kwa kusogeza mwali wa mwanga.

Mwaka 1866 kebo ilifanikiwa, ikilazwa na meli Great Eastern, naye akapewa cheo cha heshima cha Sir. Baadaye alibuni chombo kilichoandika ishara kwa wino kwenye utepe wa karatasi. Mtandao wa kebo hizo ulifika Zanzibar mwaka 1879, ukiiunganisha na Aden upande wa kaskazini na Msumbiji na Afrika Kusini upande wa kusini. Tangu hapo habari kati ya pwani ya Waswahili na Ulaya, zilizochukua wiki kadhaa kwa meli, zilipita kwa muda mfupi.

Alibuni pia dira bora za meli, chombo cha kupima kina cha bahari, na mashine ya kukadiria maji kujaa na kupwa.

Hofu ya kuisha kwa makaa ya mawe

Mwaka 1881, katika mkutano wa wanasayansi mjini York, Thomson alizungumzia vyanzo vya nishati ambavyo binadamu anaweza kuvitumia. Alionyesha kwamba karibu vyote, yaani mvua, upepo, kuni na makaa ya mawe yenyewe, vinatokana na jua. Alitahadharisha kwamba akiba ya makaa ya mawe ya Uingereza inapungua kwa kasi, na akaona kwamba siku moja watu wangerudi kwenye nguvu ya upepo. Alivutiwa pia na uwezekano wa kusafirisha umeme wa maporomoko ya maji. Mwaka huohuo aliweka taa za umeme katika nyumba yake ya chuoni, moja ya nyumba za kwanza kuwa nazo.

Hofu yake ilihusu kuisha kwa makaa. Sababu kuu ya leo ya kuyaacha, yaani kupanda kwa halijoto ya dunia kutokana na kaboni dioksidi, haikuwa sehemu ya hoja hiyo.

Makosa yake

Thomson alikadiria umri wa dunia kwa kuhesabu muda ambao ungehitajika ili ipoe kutoka hali ya kuyeyuka. Mwaka 1862 alitoa makadirio ya kati ya miaka milioni 20 na milioni 400, na baadaye akaelekea kwenye miaka milioni 20 hadi 40. Wanajiolojia walipinga. Mwaka 1895 John Perry, aliyekuwa msaidizi wake zamani, alionyesha kwamba matokeo hubadilika sana ikiwa joto la ndani ya dunia husafiri kwa njia nyingine kuliko alivyodhani Thomson. Unururifu uligunduliwa mwaka 1896, ukaonyesha kuwa miamba ina chanzo chake cha joto. Leo umri wa dunia hukadiriwa kuwa miaka bilioni 4.5 hivi. Hisabati ya Thomson ilikuwa sahihi. Dhana alizoanzia ndizo zilizokuwa na kasoro, naye hakuwa mwepesi kuziacha.

Maisha ya binafsi na kifo

Mwaka 1852 Thomson alimwoa Margaret Crum, ambaye aliugua kwa muda mrefu na kufariki mwaka 1870. Mwaka 1874 alimwoa Frances Anna Blandy, mkazi wa kisiwa cha Madeira. Hakuwa na watoto. Mwaka 1860 alivunjika mguu alipoteleza kwenye barafu, akabaki akichechemea maisha yake yote.

Alikuwa rais wa Royal Society kuanzia 1890 hadi 1895. Mwaka 1892 aliingizwa katika Nyumba ya Malodi, mwanasayansi wa kwanza wa Uingereza kupata heshima hiyo kwa kazi yake ya sayansi. Alichagua jina Kelvin, jina la mto mdogo unaopita karibu na Chuo Kikuu cha Glasgow. Alifariki nyumbani kwake Largs na kuzikwa katika Abasia ya Westminster, karibu na kaburi la Isaac Newton.

Urithi

Kipimo cha halijoto cha kimataifa huitwa kelvini kwa heshima yake. Jina lake lilipewa pia aina ya majokofu ya Marekani, Kelvinator.

Pampu za joto zilipata msukumo baada ya bei ya mafuta kupanda mwaka 1973, na leo ni za kawaida katika nyumba za Norwei, Uswidi na Finland, nchi zenye baridi kali. Faida yake kwa mazingira hutegemea umeme unaoziendesha: ukitokana na maji, upepo, jua au jotoardhi, moshi huwa mdogo sana. Gesi zinazozunguka ndani ya mashine hizi nazo zinahitaji uangalifu. Mwaka 2016 mataifa yalikutana Kigali, Rwanda, na kukubaliana kupunguza gesi za aina ya haidrofluorokaboni, ambazo zikivuja huongeza joto la dunia.

Katika Afrika Mashariki kanuni hii ilifika kwanza kama jokofu na kiyoyozi. Jijini Dar es Salaam nyumba haihitaji kupashwa joto, lakini kila kiyoyozi kinachosukuma joto la chumbani kwenda nje ni mashine ya Thomson upande wa kupoza. Mikoa ya nyanda za juu ni tofauti. Huko Njombe, Makete na Lushoto baridi ya Juni na Julai huwafanya watu kuwasha jiko la mkaa ndani ya nyumba. Jiko hilo katika chumba kilichofungwa hutoa kaboni monoksidi, gesi isiyo na harufu inayoweza kuua watu wakiwa usingizini. Mkaa wa miti si fueli ya kisukuku kama makaa ya mawe, lakini hugharimu misitu na afya. Pampu za joto zinaweza kufaa hapo, hasa kwa maji ya moto ya hospitali, shule za bweni na hoteli, ikiwa umeme ni wa uhakika na gharama ya kuzinunua inamudika.

Zina mipaka pia. Nyingi hazifai pale panapohitajika halijoto ya mamia ya nyuzi. Tanuri la saruji kama la Wazo Hill, jirani na Boko nje kidogo ya jiji la Dar es Salaam, huhitaji nyuzi 1,450 hivi, na kwa kazi kama hiyo njia nyingine lazima itafutwe. Kwa kupasha vyumba na maji ya kuoga, hata hivyo, joto linalohitajika ni dogo, na hesabu ya mwaka 1852 inaonyesha kwamba moto si lazima.